Mlenda Mkavu

Seva ya chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo,
ilikata roho Jumanne saa nane mchana
umeme ulipoondoka na kurudi kwa hasira.
Diski iligonga tiki, tiki,
kama mtu anayetafuta jina la mgeni,
kisha kimya.

Bi Nyendo Chidawali, mhasibu, hakunisalimu.
"Kilo za watu zimo humo," alisema,
akanisogezea stuli.

Nakala za kila usiku: miezi minne,
tarehe zimejipanga kama askari wa gwaride.
Nikafungua moja. Sifuri.
Ya usiku uliotangulia. Sifuri.
Kazi ilifanyika kila usiku bila kukosa,
ikihifadhi hewa,
na aliyeipanga kazi hiyo ni mimi.
Nikanywa maji. Sikusema.

Ndani ya kasha la fedha, chini ya mihuri,
kulikuwa na diski ndogo kwenye mfuko wa sukari:
tarehe tatu Mei.
Tukaichomeka. Asilimia moja.
Upepo ukatikisa mabati, vumbi likapenya chini ya mlango.
Asilimia nne.

Kwetu Mvumi, mama alianika mlenda juu ya tembe
ardhi ikiwa bado inanukia mvua,
akautwanga, akautia guniani kungoja kiangazi.
Lakini hakuliamini gunia kwa kuliona limefungwa.
Kila mwezi alichota ukufi mmoja,
akautia maji ya moto, akanyanyua mwiko,
akatazama kama unavutika.
Mimi niliona anaupunguza tu.

Saa saba usiku majina yakaanza kurudi,
Matika, Chilewa, Mbeho wa pili,
lakini programu haikujua ipitie mlango upi,
wala printa ni ipi, wala bei ya nyeusi na ya nyeupe.
Zabibu zipo. Nguzo na nyaya hakuna.

Bi Nyendo akatoa kaunta buku la Sembuche,
fundi aliyenitangulia, aliyehamia Manyoni,
tuliyemcheka kwa kuandika kila kitu kwa mkono.
Kati ya michango ya harusi na simu ya fundi baiskeli
usanidi wote ulikuwemo, mstari kwa mstari.
Tarakimu moja tu ilinishinda: ni moja au saba?
Nikajaribu moja. Ikagoma.
Nikajaribu saba.

Asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani.
Stakabadhi za tangu Mei nne,
zimelowa jasho, zimekunjwa ndani ya kofia.
Bi Nyendo anasoma, mimi naandika.
Mwaluko hana karatasi; mbuzi ameila, anasema.
"Kilo mia nne na kumi na mbili."

Vidole vyangu vikasimama.
"Bi Nyendo, zile sifuri ni zangu."
Hakuinua kichwa.
"Najua. Andika mia nne na kumi na mbili."