Nyumba ya Mende

Gemu lina jina lake, refu, la kigeni.
Mize kaliita Nyumba ya Mende
na tangu hapo kwetu halina jina jingine.

Nimelazwa sebuleni, Jadida, Wete,
mguu wa kushoto ndani ya plasta
iliyochorwa na watoto wa mtaa mzima.
Faki kaniletea mashine yake, kaniwekea pedi tumboni:
"Cheza, ndugu yangu. Humu ukianguka unainuka."

Mtu wangu hana uso. Ana upanga wenye pengo
na taa ya mafuta isiyomulika zaidi ya hatua tatu.
Giza la humo si giza la umeme kukatika,
ambalo unajua chungu kiko wapi na kibiriti kiko wapi;
ni giza linalokujua wewe.
Kitu kinakwaruza darini. Nasubiri. Nakwepa,
napiga mara mbili, pumzi inaisha, yake na yangu,
na neno jekundu linajaa kioo kizima.

"Mama! Kaka kafa tena!"
Na sauti kutoka jikoni, pamoja na moshi wa makumbi:
"Mwambie afe akishakula."

Mara arubaini na moja nimekufa katika chumba kimoja.
Masanamu saba ya mawe, yamejipanga duara, hayana macho,
na mlango wa chuma usio na kitasa.
Nimeyapiga. Nimeyasukuma. Nimewasha mienge yote,
nimeizima yote, nimeiwasha mmoja, watatu, watano,
kama mtu anayekisia namba ya siri
ya simu aliyoiokota.
Kila nikiukimbilia mlango sakafu inafunguka
nami nachukua njia ya chini, ile ninayoijua.

Ninayoijua kwa sababu
mkarafuu wa Mtambwe haukuwa na neno jekundu.
Nilikuwa juu, pakacha limejaa, upembo umenasa,
najitapa kwa Hamadi aliye mti wa pili
nani leo atashuka na pishi nyingi.
Tawi likasema neno moja, fupi.
Halikuuliza: uanze tena?

Mize ana miaka minane. Hutazama kupitia vidole
vilivyoachana kidogo, huku akiapa hatazami.
Yeye ndiye aliyesema,
mdomo umejaa mkate wa ufuta:
"Mbona wote wanachechemea kama wewe?"

Nikasogeza taa.
Kweli. Saba, na kila mmoja kaukunja
mguu wa kushoto, kisigino hakigusi jiwe.
Siku nne nilikuwa nikiitazama mikono yao,
nikitafuta silaha.

Nikaurudisha upanga alani.
Nikasukuma kijiti cha pedi kidogo tu,
kama mtu anayemwamsha mgonjwa,
na yule asiye na uso akaenda
hatua, kituo, hatua, kituo,
sakafu ikilalamika chini yake, lakini ikambeba.
Mize kaikumbata plasta yangu kwa mikono miwili.
Mlango ukaguna.

Nyuma yake palikuwa na ngazi. Ya kushuka.
Na huko chini kitu, kikubwa kuliko vyote tulivyoviua,
kikavuta pumzi

tukuza ikalia mara tatu, umeme ukakata.

Hatukuwa tumehifadhi.
Mize akalia kwa hasira, akachoka, akalala palepale,
punje za ufuta kidevuni.
Nikabaki katika giza lile la kawaida,
lenye kibiriti mahali pake.
Nikashusha mguu wa kulia. Nikaushusha na huu.
Kutoka kitandani hadi mlangoni
ni hatua tisa za mtu mzima.

Hatua. Kituo.

Nilifika ya nne.