Namba Iliyosimama

Saa nane usiku, Isevya imezima taa.
Skana yangu inapita masafa moja baada ya jingine
kama mtu anayepapasa mifuko ya koti lisilo lake.
Rubani anavuka juu yetu, anataja urefu wake, anaaga,
hajui kama chini pana Tabora.
Treni ya mizigo imekwama Urambo, injini ina joto;
mmoja anasema "pokea", mwingine "rudia",
na katikati yao mkwaruzo, mchele unapepetwa.

Kalunde husema: mume wangu, unapenda yasiyokuhusu.
Kweli. Ila sichukui kitu.
Naandika kwenye kaunta buku saa na masafa,
na pembeni neno moja:
*uchovu. haraka. anacheka.*

Kihesabu masafa aliniuzia Mihayo, fundi redio,
kwa bei ya mbuzi.
Kijisanduku, antena ya kuvuta, tarakimu nane nyekundu.
Hakisikii maneno. Kinahesabu tu
wimbi limepiga mara ngapi kwa sekunde.
Ukiwa mbali na chanzo, tarakimu hukimbia ovyo,
siafu waliomwagiwa majivu ya moto.
Ukikaribia, husimama.

Usiku huo skana iligoma kuendelea.
Mia moja hamsini na nne, nukta tatu mbili tano.
Si neno. Pumzi.
Mtu anapumua, ananyamaza, anapumua,
nyuma yake nyenje, na mbwa mmoja
niliyemsikia mara mbili:
redioni, na dirishani.

Nikavaa koti juu ya shuka,
nikashika kihesabu mbele yangu kama kibatari.
Njia panda ya msikiti, siafu.
Kwa Nyanzobe muuza uji, siafu.
Nikapotea, nikarudi, nikajikwaa kwenye karo.
Nyuma ya ghala la asali tarakimu tatu zikatulia,
ya nne ikasita,
kisha zote.

Lugendo, mlinzi, kalala juu ya gunia,
redio ya mkononi chini ya nyonga, kitufe kimebanwa.
Malindo yote ya mji yamezibwa
na usingizi wa mtu mmoja.

Nikaichomoa taratibu,
kama unavyotoa yai chini ya kuku mwenye hasira.
Ikafoka papo hapo: "Ghala la asali! Jibu! Ghala la asali!"
Miaka kumi na moja nimesikiliza, sijawahi kusema angani.
Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilitaka.
Nikamtikisa Lugendo mguu, nikamwekea redio kiganjani,
nikaondoka kabla hajafumbua macho sawasawa.

Nyumbani skana ilikuwa bado inawaka.
Kalunde amelala, ameupa ukuta uso,
kaunta buku iko wazi upande wangu.
Masafa kayanakili sawa, mpaka nukta.
Na pembeni, kwa mwandiko wake:
*ameamka.*