Kidevu Kilekile

Mchoraji alichelewa siku kumi na tisa.
Barabara ya kuja Newburyport ilikuwa tope hadi magoti ya farasi,
na kaka yangu Asahel hakuweza kumngoja:
homa ya koo ilimchukua Jumanne, Alhamisi tukamzika,
ardhi imeganda, wachimbaji wakiipiga kwa shoka.

Bwana Lemuel Pruitt alisimama mlangoni, kofia mkononi,
kisanduku cha rangi kwapani, maji yakimchuruzika.
Mama hakulia. Aliuliza bei.
Dola nane, akajibu, na fremu ya dhahabu mbali.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi,
akauliza kama yupo nyumbani anayefanana na marehemu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa jikoni namenya matufaha.
Mama alinishika kidevu, akakielekeza dirishani:
"Hiki hapa. Kilekile."

Siku tatu nilikaa juu ya kiti kirefu
ndani ya koti la Asahel na vifungo vyake vya shaba,
nywele zangu zimesokomezwa chini ya ukosi.
"Usicheke," Mama alinionya, nami sikuwa nacheka.
"Asahel hakuwa mtu wa kuchekacheka."
Uongo. Asahel alicheka hata kanisani,
mzee Thaddeus aliposinzia na kukoroma katikati ya sala.

Kipande cha pembe kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu,
hakizidi yai la bata kwa upana.
Pembe ya ndovu, mchoraji alinieleza,
mnyama asiyepata kumwona na asiyetarajia kumwona.
Nikamuuliza kama na huyo ndovu alichorwa
kabla ya kusahauliwa.
Aliramba ncha ya brashi, hakujibu.
Hakupaka rangi, aliidonoa,
nukta, nukta, kama kuku kwenye mtama.

"Macho?"
"Ya kijivu," alisema Mama.
Yangu ni ya kahawia. Hayo tu ndiyo aliyoyabadilisha.

Nyuma ya picha, chini ya kioo, walisuka nywele zake
alizozikata Mama kabla jeneza halijafungwa.
Hazikutosha. Wakaongezea zangu.
Sogeza taa, utapaona rangi inapogeuka.

Miaka thelathini na mmoja aliivaa kwa utepe mweusi.
Ilichovya kwenye unga akikanda mkate,
iligonga ukingo wa kisima akiteka maji.
Kila usiku aliibusu, mara mbili,
nami kitandani, upande wa pili wa ubao, nikihesabu.
Mwenye kidevu chenyewe alipewa mshumaa
na kuambiwa azime mapema.
Sikumwonea wivu marehemu.
Huo nao ni uongo. Kwetu tunarithishana.

Mama alipofariki, dada zangu waligawana vijiko,
saa ya ukutani, mfarishi wa manyoya ya bata.
Keziah aliivua picha shingoni mwake, akanikabidhi:
"Chukua wewe. Ninyi wawili mlikuwa kitu kimoja."
Tamsin akatikisa kichwa, anakubali.
Wao walizaliwa baadaye. Hawakumjua Asahel,
wala hawakuambiwa kiti kile kirefu kilikuwa cha nini.

Jana usiku niliitazama kwa kioo cha kukuzia.
Kuna jambo nililisahau.
Siku ya tatu kuku aliingia sebuleni,
akapanda juu ya kisanduku cha Bwana Pruitt,
akatoka na nyayo za buluu hadi kwenye zulia la Mama.
Nilijikaza. Nilibana midomo mpaka machozi yakanitoka.

Lakini mchoraji aliona. Ipo pale, pembeni mwa mdomo, kushoto,
nukta mbili za waridi zimepanda juu kidogo
kuliko zilivyostahili.
Sijui ni kicheko cha nani.

Mama alikuwa na macho makali,
aliweza kutunga uzi sindanoni gizani.
Aliliona. Miaka yote ile alilibusu
na hakuwahi kusema lifutwe.