Ankara Namba Kumi na Saba

Bwana Mkurugenzi,
umeirudisha ankara yangu na mstari mwekundu
chini ya jumla, na swali:
"Pesa yote hii, kwa kumleta mtu mmoja?"
Na pembeni, kwa mwandiko mdogo zaidi:
"Kizuri chajiuza."

Nimeisoma hapa Mtaa wa Jamhuri, ghorofa ya tatu,
jenereta ya jirani ikinguruma, chai ikipoa.
Nikacheka. Kisha nikaketi nikujibu.

Methali umeikata nusu.
Kibaya chajitembeza,
nacho kilitembea hadi Chang'ombe, ofisini kwako,
kimefunga tai.
Ulitangaza mwenyewe gazetini, mwezi wa tatu,
ukapata barua mia nne na kumi na mbili,
wote wachapakazi, wote hodari chini ya shinikizo.
Ukamchukua kijana mwenye sauti ya redio,
na siku maji yenu ya chupa yalipotoka na kutu
akawaambia waandishi: "Ni madini. Yana faida mwilini."
Toka Tandika hadi Tegeta
watoto wakawa wanauita msumari "madini".

Ndipo ukanipigia, saa tano usiku.
"Nitafutie mtu wa kutupamba," ulisema.
Nami daftarini nikaandika:
mtu wa kumwambia hapana.

Kazi hii, Bwana Mkurugenzi, kizuri chake hakijiuzi.
Fundi wa maneno akiifanya vema
hakuna kinachoonekana:
gazeti linatoka bila jina la kampuni,
vibarua wanasikia habari ya kupunguzwa
kwa mkuu wao, si kwa muuza karanga getini.
Utamwonaje mtu ambaye kazi yake
ni moto ambao haukuwaka?

Mimi namwona. Miaka kumi na minne
sijatafuta wahasibu, sijatafuta madereva;
nimekaa na hawa tu, nikijua
simu ya nani mhariri huipokea usiku wa manane
na ya nani huiacha iite.

Zawena Mkilindi hakuwa anatafuta kazi.
Alikuwa kwenye bima, Upanga, chumba kisicho na dirisha,
akiandika barua za kuwakatalia watu madai yao.
Nilimsikia kwa mjane mmoja
aliyepanda ngazi zote zile, barua mkononi,
kumshukuru aliyeiandika.
Alikuwa amekataliwa, ndiyo,
lakini ilikuwa barua ya kwanza aliyoielewa.

Miezi miwili nilimbembeleza. Hiyo nayo imo kwenye jumla.

Kisha nikampa jaribio nililowapa wengine watano:
tangi limepasuka usiku, mlinzi amekufa,
una nusu saa, andika.
Watano wale walianza, wote,
"Uongozi unasikitika".
Zawena aliilaza kalamu.
"Mlinzi alikuwa anaitwa nani?
Mkewe ameshaambiwa?"
Nikamjibu kwamba ni mfano tu.
Akasema hata mfano una mke.
Dakika ishirini karatasi yake ilibaki nyeupe.
Unachokilipia ni ile karatasi nyeupe.

Nasikia juzi amekuchania hotuba,
na wewe ukauliza, kwa hasira, kama kuna dhamana.
Ipo. Miezi sita.
Akiondoka mwenyewe, nakutafutia mwingine bure.
Ukimfukuza kwa kukwambia ukweli, hulipwi kitu:
mkataba, ukurasa wa pili, chini kabisa,
kwa herufi ndogo.

(Yeye angeiandika kwa herufi kubwa.
Nimeshamwomba anirekebishie mkataba.
Amenitoza.)

Malipo ni ndani ya siku thelathini.

Wako,
Tumsifu Mrutu