Noti Yenye Kidonda

Walikuja kuazima jeneza, si kununua.
Vijana watatu, Mugisho mwana wa mshona viatu mbele yao,
kofia kaigeuza kisogoni:
"Papa Cirhuza, tunatengeneza filamu. Ya uhalifu. Ya kuchekesha."
Nikauliza: ya uhalifu, au ya kuchekesha?
"Yote mawili, papa. Watu watakufa wakicheka."
Nikawapa lile la mkalitusi lililokataliwa na ukoo mmoja
kwa kuwa marehemu alikuwa mrefu kuliko walivyosema.
Malipo: tiketi moja, benchi la mbele.

Jumapili, ukumbi wa parokia, Kadutu.
Shuka jeupe lenye mkunjo katikati:
kila muuaji akipita pale anavunjika pua.
Mvua juu ya mabati ilisema mengi kuliko wahusika.

Sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Lakini nusu saa nzima
mtu anavuta sigara dirishani akiwaza kuua,
na tunajua anawaza kuua
kwa sababu anasema: "Nawaza kuua."
Damu ilikuwa nyanya; mbegu niliziona kwenye kola.
Bosi wa majambazi alicheka kila alipoingia,
akituonyesha mahali pa kucheka
kama mwalimu anayejijibu swali.
Tulikaa kimya, tukamwachia mwenyewe.
Na pale maiti ilipoanza kutuhuzunisha kweli,
waliogopa, wakaleta mbuzi.
Mbuzi alifanya kazi yake. Mbuzi simlaumu.

Jeneza langu liliwashinda wote kwa kucheza.
Halikuangalia kamera hata mara moja.

Kisha, katikati ya ule ujinga, dakika nne.

Muuaji wa kukodiwa (ni Murhula, yule muuza vocha)
kamfunga mtu kamba, bastola tayari,
anahesabu malipo: dola mia tano, noti tano.
Ya tatu anaiinua kwenye taa.
"Hii siichukui. Ina kidonda."
"Ni kadogo tu, pembeni," anasema tajiri.
"Leo kadogo. Kesho sokoni nitaambiwa nini?"
Wanabishana. Wanaitana kaka.
Na yule aliyefungwa, kitambaa mdomoni, anaguna, anaguna,
mpaka wanamfungua:
"Kuna mtu Nyawera anazipokea. Mia kwa themanini.
Naweza kuwapeleka."

Ukumbi ulianguka.
Mama Nabintu, aliyemzika kaka yake Alhamisi
(najua, misumari niliigongomea mimi),
alicheka akijishika ubavu kama mwenye uchungu wa kuzaa,
akasema, "Mungu wangu, themanini!"
akafuta macho kwa kitenge kile kile cha msiba.

Baadaye umeme ukakatika, bastola ikiwa imenyooshwa,
na sauti gizani ikasema: "Huyo kaokolewa na deni la umeme!"
Hicho kilikuwa kicheko cha pili, na hakikuwa chao.
Jenereta ilipowaka, nusu yetu tulikuwa tayari matopeni
tukishuka kilima kwa kushikana mikono.
Sijui nani alikufa mwishoni. Sijauliza.

Jeneza lilirudi Jumanne, bawaba imelegea, linanuka nyanya.
Nikaliosha, nikalianika, nikapaka vanishi upya.
Ijumaa akaja mzee kutoka Cimpunda, mke wake kafariki usiku,
mwanamke mfupi, alisema, hakuhitaji kubwa.
Akahesabu taratibu juu ya meza yangu,
na alipofika noti ya mwisho aliifunika kwa kidole gumba:
"Ni kadogo tu, pembeni."

Kicheko kilinipanda kama kikohozi.
Niliinamia randa, nikasingizia vumbi la mbao,
na yeye akangoja, kidole kikiwa pale pale,
mpaka nikaweza kumtazama.
Niliipokea.

Nimeshakwenda Nyawera mara mbili
kumtafuta yule mtu wa themanini.
Wananiangalia kwa huruma.
Wanasema, papa, ile ilikuwa filamu.