Hesabu ya Njia Panda

Kazi yangu ni kuhesabu njia panda.
Si kazi ya kusimulia harusini.
Nakaa na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwaka sabini na nne,
na picha za setilaiti za juzi,
na kila barabara zinapokutana naweka nukta:
zikikutana nne, nyekundu;
tatu, ya njano;
na ile njia inayoingia isitoke,
inayofika ukutani kwa mtu ikanyamaza,
nyeusi.

Kaloleni ni nyekundu tupu.
Levolosi vilevile, na Ngarenaro:
ukikosea mtaa unajirekebisha kwenye kona inayofuata,
mdeni wako ana pande nne za kukukwepea
nawe una pande nne za kumvizia.

Halafu mji ukavuka Themi.
Mwaka themanini na nane, nukta nyeusi kumi na tisa.
Elfu mbili na mbili, mia mbili na sita.
Mwaka jana niliruka chakula cha mchana
nikahesabu mpaka kalamu ikakauka,
Muriet, Olasiti, Moshono,
kama mtu aliyepasua papai juu ya ramani.

Bosi alitaka wastani. Nikampa wastani.
"Mji unakua," akasema, akagonga muhuri.
Unakua, ndiyo.
Hata mfupa uliovunjika huunga.
Swali ni umeunga upande gani.

Mimi nina kipimo kingine.
Ndeanasia anakaa nyuma ya nyumba yangu, Moshono.
Akikaanga kitunguu, harufu inanifikia
kabla hajageuza mwiko.
Nikitaka kumfuata kwa kijiko cha chumvi
napita kwa mama Naserian, nashuka hadi mashine ya kusaga,
nakata kulia, napanda tena,
naomba ruhusa kwa mbwa wawili:
dakika ishirini na sita.
Toka jiko langu hadi jiko lake, nilipima kwa kamba,
hatua kumi na moja.

Masika ile alipougua usiku
nilimsikia akikohoa upande wa pili wa tofali.
Nikamwita, "Nakuja!"
Akanijibu, kwa sauti ya mtu anayeijua ramani,
"Usije. Kutakucha."

Basi nikafungua faili la viwanja.
Nani alikata huku? Alipima kwa nini?
Hati ya kwanza: shamba la kahawa, ekari tatu,
vipande kumi na vinne,
kwa hatua za miguu na kamba ya katani;
njia: *ya toroli, mpaka mwisho.*
Sahihi: Elirehema Akyoo,
mwandiko ulioinama kushoto kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Baba.

Aliuza kipande kila shule zilipofunguliwa.
Cha saba ni ada yangu ya kidato cha tano.
Cha tisa ni rula, bikari,
na kalamu zangu za kwanza za kuchorea.
Mnunuzi mmoja, wanasema, aliulizia njia ya gari.
"Gari la nani?" baba akamwuliza,
na mibuni iliyobaki ikawa bado imesimama nyuma yake,
na wote wawili wakacheka.

Nimlaumu vipi?
Huenda ndani ya kila nukta nyeusi
yumo mtoto aliyevaa viatu vipya.

Na ukuta? Ukuta niliujenga mimi,
mwaka niliopandishwa cheo.
Vipande vya chupa juu yake nilivipanga kwa mkono wangu,
nikichagua vya kijani, vipendeze.

Leo nimewasilisha ripoti, kurasa arobaini.
Hakuna mahali inaponukia kitunguu.
Ila kwenye nakala yangu ya nyumbani
nimechora kwa penseli, hafifu,
mstari wa hatua kumi na moja.
Ukiukubali, nukta mbili nyeusi zinafutika.

Penseli ni rahisi.
Fundi Loishiye anataka elfu themanini na siku moja,
nami kila jioni namwambia kesho,
na upande wa pili mafuta yameshaanza kulia.