Saa Niliyoichora

Muuguzi akanipa karatasi.
"Mama Ntakwinja, chora saa.
Mishale iseme saa tano na dakika kumi."
Nikacheka. Arobaini na minane, na leo narudi chekechea.

Duara likatoka kama kiazi.
Namba nikazipanga, mbili zikabanana pembeni
kama nyumba zetu.
Mishale, sijui ni mkono gani ulioiweka,
ikasema saa tisa.

Si ile ya mchana.
Ni ile ya usiku, Cimpunda,
bomba linapokohoa mara mbili kabla ya kutema maji
na vidumu vinaanza kusukumana gizani.
Miaka ishirini na sita naamka kabla halijakohoa.

Akauliza habari za usingizi.
Nimwambie nini? Chini ya dirisha kuna baa,
nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga ya Birindwa,
na mvua ikinyesha hatulali kabisa,
tunasikiliza mlima.
Nyumba ya juu ikidondosha udongo, tunahesabu watoto.

Akanigusa paji la uso, hapa, penye bonde.
"Ulianguka?"
Hapana, binti. Ni kamba.
Makala, kutoka bandarini hadi soko la Kadutu:
gunia mgongoni, kamba kichwani,
kichwa ndicho kinachovuta.
Jioni makala yaleyale yananirudia kwa moshi,
jiko na kitanda chumba kimoja.

Zamani kichwa hiki kilikuwa daftari.
Deni la kila mtu, franka kwa franka, bila kalamu.
Darasa la nne Cirimwami alikaa nyuma yangu
akinakili hesabu zangu, hata makosa.
Juzi nimepeleka mzigo Muhumba, kumbe geti ni lake.
Kule miti ni mingi kuliko watu, hata mbwa wanalala mchana.
Akaniita kwa jina langu la utani la shule.
Akakumbuka rangi ya kiraka cha sare yangu.
Nami nimesimama, kamba mkononi,
nalitafuta jina lake
kama sindano iliyoangukia majivuni.
Lilinijia nikiwa nimeshafika Nyawera.
Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Muuguzi anaandika.
Karatasi yake ina mstari wa umri,
mstari wa uzito, mstari wa presha.
Mtaa hauna mstari.

"Na yale maneno matatu niliyokupa mwanzoni, mama?"
Ndizi. Kiti.
La tatu lilifika ulimini, likateleza.

Usiku, kwenye foleni, likaja lenyewe.
"Barua!" nikapaza sauti.
"Imetoka kwa nani?" akauliza M'Cishugi nyuma yangu.
Bomba likakohoa mara moja.
Tukanyamaza wote,
tukisubiri kikohozi cha pili.